Nani Aliyekuwa Akiugeuza Mkia wa Helikopta

Nianze na upumbavu, kabla bibi yangu hajakusimulieni mwenyewe, maana yeye huongeza chumvi. Ilikuwa Julai, adhuhuri, mtaa wetu wote wa Bawshar umejifungia ndani kwa joto, nami nikapanda juu ya meza nikalifungua pangaboi la chumbani kwake. Bibi hataki kiyoyozi, anasema kinamuingia mifupani. Pangaboi ndilo lililokuwa likimlaza. Nikalishusha, nikalipindua mapanga juu na fimbo chini, nikaenda nalo majlisi, sebule yetu ya wageni, nikakaa kwenye kiti cha ofisi cha baba, kile cha kuzunguka, fimbo nimeibana magotini. Nia yangu ilikuwa kupaa. Swichi nikaiwasha kwa kidole gumba cha mguu.

Pangaboi likazunguka upande wake. Mimi na kiti tukazunguka upande wa pili. Waya ukaanza kunikunja kiunoni kama mshipi, ukakaza, ukavuta kimeza cha pembeni, na juu ya kimeza kile kulikuwa na chetezo cha mama chenye makaa. Zulia la majlisi lina tundu mpaka leo. Mama kaliziba kwa kochi, na kila mgeni akikaa pale mimi huangalia dari.

Hiyo ni miaka mitatu iliyopita, nikiwa darasa la tisa. Sasa nipo la kumi na mbili, nina miaka kumi na saba, na nimestaafu kazi ya helikopta. Msicheke. Kuna watu wamestaafu wakiwa wamefanya kazi kidogo kuliko mimi, na wamepewa saa ya ukutani. Nawaandikia nyinyi mnaoingia klabu ya sayansi ya skuli mwaka huu, mliosema mnataka kutengeneza helikopta mkaambiwa mkamuulize Nasri. Nasri ndiye mimi. Kaeni.

Cha kwanza kujua ni kwamba hii ni kazi ya kushuku. Ndege ya kawaida inaaminika: inakimbia, inanyanyuka, bas. Helikopta ukiigeuzia mgongo inakusaliti. Mota ikizungusha mapanga, mapanga nayo yanaizungusha mota kinyume, pamoja na kila kilichofungwa nayo, kikiwemo kiti cha baba yako. Hili ndilo lililowatesa watu wa mwanzo, wale wa huko Ulaya na Marekani. Wachina walikuwa wana kidude cha mwanzi tangu zamani sana, unakisugua viganjani kinapaa, lakini kile hakina mtu ndani. Kidude hakitapiki.

Pangaboi liliungua mota. Mama hakunipiga. Alifanya kibaya zaidi: alinipa pangaboi nilibebe mwenyewe mpaka Wadi Kabir, kwenye gereji ya Ami Khalfan, mzee mwenye asili ya Unguja kama sisi, rafiki wa marehemu babu. Ami Khalfan ni mtu wa kushuku kwa asili. Ukiaga, anakuangalia mifuko kwanza, uso baadaye. Fundi wake wa kusuka nyaya za mota alikuwa Mkenya anaitwa Wafula, mrefu, mtulivu, ana kitambaa cha kufutia mikono ambacho ni kichafu kuliko mikono.

Wafula aliifungua ile mota, akazinusa nyaya.

"Kijana, hii haikuchomeka ikiwa kwa dari."

"Ilikuwa kwenye dari, fundi."

"Pangaboi ya dari inachomeka pole pole. Hii imezuiliwa. Ulikuwa umeifunga wapi?"

Nikamwambia. Aliweka bisibisi chini, akavuta stuli, akakaa.

"Uliipindua?"

"Ndiyo."

"Sasa sikia. Ikiwa kwa dari inasukuma hewa chini. Ukiipindua inasukuma hewa juu. Hata ungekuwa na nguvu ya injini ya lori, ungeenda wapi?"

Nikafikiri. "Chini."

"Ungezama kwa sakafu kama msumari." Akacheka taratibu, bila sauti, mabega tu. Toka siku ile nikawa naenda Wadi Kabir kila Jumamosi.

Wafula hakuwahi kugusa helikopta maishani mwake, lakini mota alizijua. Mimi nilisoma vitabu vya maktaba, yeye akavitilia shaka. Nilimwambia kuhusu Mfaransa mmoja muuza baiskeli aliyejenga chombo chenye mapanga mawili yanayozunguka kinyume, moja mbele moja nyuma, ili kila moja limtulize mwenzake. Inasemekana aliinuka futi moja hivi kutoka ardhini. Wafula akauliza nani alipima. Nikarudi kitabuni, na kweli, waliokuja kupiga hesabu baadaye wanasema injini ile haikuwa na nguvu za kumnyanyua. Nikamwambia kuhusu Wafaransa wengine ambao chombo chao kilishikwa na watu wanne, kila mmoja pembe yake, kisiyumbe.

"Hao wanne," alisema Wafula, "walikuwa wanakishika kisiruke, ama walikuwa wanakibeba?"

Kwa hiyo mkisoma historia ya kazi hii, kila mnapoona neno "aliruka," ulizeni nani alikuwa ameshika miguu.

Yuko Mhispania ninayemheshimu. Huyu aligundua kwamba chombo kikienda mbele, panga linalokwenda na safari linapata upepo mwingi, na linalorudi nyuma linapata kidogo, kwa hiyo chombo kinapinduka kama sahani. Akaweka bawaba kwenye mashina ya mapanga, yapigepige yenyewe kama mabawa ya kuku. Na yuko Mrusi aliyehamia Marekani, ambaye ndiye aliyelimaliza shauri la kuzunguka: panga moja kubwa juu, na kipanga kidogo nyuma, mkiani, kinachosukuma kwa ubavu. Chombo kikitaka kugeuka kulia, mkia unakisukuma kushoto. Yule bwana alikijaribu kimefungwa kamba ardhini, yeye kakaa wazi kwenye upepo, kavaa suti na kofia. Mimi nilivaa kofia yangu ya Idi kila siku ya majaribio kwa heshima yake. Iliruka zaidi kuliko helikopta.

Basi nikaijenga yangu. Mota ya drili ya betri, iliyotoka kwenye boksi la mota zilizokufa, Wafula akaifufua. Mapanga nilichonga kwa mbao laini. Hapa andikeni: panga usilipime kwa macho. Liweke katikati juu ya ncha ya kisu, ukiona limeinama upande mmoja, bandika utepe upande mwepesi mpaka litulie. Panga lisilo sawa litatikisa chombo mpaka skurubu zitoke zenyewe moja moja, na utazitafuta chini ya magari ya watu. Kamba nne, kreti la soda chini, kila kamba pembe yake, kama yule Mrusi. Mama alinitisha kwamba mjini hapa hakuna kurusha kitu bila kibali, kwa hiyo yangu ilikuwa inapanda kiasi cha shubiri mbili, inakaza kamba, inasimama pale inalia. Kwangu mimi hiyo ni kupaa.

Mkia ulikuwa kitu cha peke yake: mota ndogo, kifeni cha plastiki, betri yake imefungwa kwa mpira, vyote unavichomoa kwa skurubu mbili za mkono. Swichi haikuwepo. Kuuzima ni kuchomoa waya mmoja kwenye betri; wa pili nilikuwa nauacha palepale, nikijua hivyo siwezi kukosea. Nyaya zote mbili nyeusi, maana ndizo nilizokuwa nazo.

"Weka alama kwa hizo waya," Wafula aliniambia siku ya kwanza. "Ukizigeuza, kifeni itazunguka kinyume, mkia itasukuma upande mbaya."

"Nitakumbuka, fundi."

"Hutakumbuka. Weka utepe mwekundu."

Nikasema nitaweka kesho.

Jumatano moja, nyumbani, ikatulia. Ilipanda shubiri mbili, pua imeelekea dirishani, haikugeuka hata kidogo. Nilikaa nayo mpaka betri ikaisha. Jumamosi nikaipeleka Wadi Kabir kifua mbele, nikaifunga kwenye kreti, nikawasha. Ikazunguka kama imepagawa, kamba zikasukana kama nywele. Tukaifungua, Wafula akaangalia, akageuza nyaya za mkia, ikatulia.

"Umezigeuza ulipokuja," alisema.

"Sijazigusa."

Wiki iliyofuata: Jumatano shwari, Jumamosi wazimu. Ya tatu ilitulia kote, na siku ile Wafula alikuwa na furaha, akipiga mluzi. Nikaliweka hilo kichwani. Ya nne wazimu tena.

Sasa nielezeni mngefikiri nini. Nyumbani inatulia. Kwa Wafula inaharibika. Na kila ikiharibika, ni Wafula anayeitengeneza, na mimi nasema ahsante fundi. Nikaanza kumtazama. Kwa nini anajua mara moja tatizo liko wapi? Kwa nini kila ninapofika anasema, "Leta nikushikie," akauchukua mfuko mlangoni? Kila Jumamosi aliniuliza, "Nyanya yako aje, pangaboi inamlaza?" Hata salamu hizo nikazishuku. Nilikuwa namjibu, "Anaendelea," huku nachukua spana. Yalikuwa yamebaki majuma machache kabla ya maonyesho ya skuli, na nilishajitungia hadithi nzima: hataki niipeleke, anataka nishindwe niiache pale, aimalize yeye, aitwe yeye aliyeijenga.

Jumamosi ile ya nne nilisema.

"Fundi, Jumatano ilitulia."

"Basi kuna kitu imebadilika toka Jumatano."

"Kilichobadilika ni mahali."

Akaacha kufuta mikono. "Sema vile unataka kusema."

"Nasema inaharibika ikifika hapa."

Ami Khalfan akatoka kichumbani kwake na kikombe cha chai. "Nini kinaharibika?"

"Kuna mtu anaichezea, Ami."

Jina sikulitaja. Lakini gerejini tulikuwa watatu, na ningeweza kuangalia kreti, au kikombe, au miguu yangu. Nikamwangalia Wafula.

Ami Khalfan akanywa chai funda moja. "Na mimi nna wiki nzima nnaitafuta mita yangu ya kupimia umeme," alisema. "Nikadhani nimezeeka." Akanyoosha mkono. "Wafula, lete funguo wa stoo."

Wafula akaufungua ufunguo mkandani, akaufuta kwa kile kitambaa, akampa.

"Arbab, karatasi zangu zinaisha mwisho wa mwezi. Ulisema utasaini."

"Tutaona mwisho wa mwezi."

Kwa msiojua, na wengi wenu hamjui kwa sababu karatasi zenu ziko kwa baba zenu: fundi mgeni asiposainiwa na mwenye kazi, arbab wake, anafunga sanduku anarudi kwao. Wafula alikuwa na miaka tisa pale. Aliniangalia mara moja, akarudi kwenye mota aliyokuwa akiisuka. Nikaufunga mfuko wangu nikaondoka, na nasema ukweli, mpaka nafika barabarani nilijiona mpelelezi mkubwa.

Nyumbani nikataka ushahidi wa kumaliza kesi. Jumatano ikatulia, kama kawaida yake. Nikachukua uzi wa cherehani wa mama, nikaufunga kuzunguka zile skurubu mbili za mkia na nyaya zake, mwembamba, hauonekani. Nia yangu uende mzima mpaka Wadi Kabir, ukatike kule. Kwa tahadhari nikamhoji bibi, maana yeye ana kisa na mimi.

"Bibi, wewe huingia chumbani kwangu?"

"Nikafanye nini huko, nikahesabu soksi?"

"Hujagusa helikopta?"

"Mimi nitaigusa siku utakayonirudishia usingizi wangu. Pangaboi tangu litoke kwa fundi linanung'unika."

Alhamisi nikarudi kutoka skuli, baada ya alasiri, nikaingia chumbani. Uzi ulikuwa sakafuni, umekatika. Helikopta ipo, mkia haupo.

Wadi Kabir ilikuwa mbali, Wafula alikuwa huko na mota za watu, na mkia wangu haupo hapa. Kisha nikasikia mlio. Mota uliyoijenga mwenyewe unaujua mlio wake kama kikohozi cha baba yako. Ulikuwa unatoka uani, nyuma ya jiko.

Mama amechutama mbele ya jiko dogo la makaa. Kanzu za Ijumaa zimetandikwa juu ya kitundu cha fito cha kufukizia, chetezo kinangoja, kipande cha udi kiko kwenye kisahani. Na mkononi ameshika mkia wa helikopta yangu, anaupepea mkaa, makaa yanang'ara mekundu kama taa za gari.

"Mama."

"Nini?"

"Huo ni mkia wa helikopta."

"Hiki kifeni?"

"Tangu lini unakichukua?"

"Tangu pumzi zangu zilipochoka kupuliza. Kila Alhamisi. Nnakirudisha palepale, nimekuharibia nini?"

"Ukimaliza unakizimaje?"

"Nnachomoa waya zote mbili, kisha mmoja nnaurudisha kama nilivyoukuta. Nani anatengeneza kitu hakina swichi?"

"Na huo unaourudisha, unauchomeka wapi?"

"Unapoingia."

Nikakaa chini kwenye saruji. Wiki nne. Alhamisi anazichomoa zote mbili, anarudisha mmoja unapoingia, mara vizuri, mara kinyume, nami Jumamosi nauchomeka wa pili kwenye nafasi iliyobaki. Ile Jumamosi ya mluzi ilikuwa bahati tu. Na mkia wote ulikuwa ukinuka udi, na sikuunusa, kwa sababu nyumba yetu nzima inanuka udi, na shati langu, na mimi.

"Una nini?" mama aliuliza. Yeye nikinyamaza sekunde tatu hunishuku. "Nasri. Umefanya nini?"

Nikamwambia yote: salamu za fundi kwa bibi kila wiki, Jumamosi ya nne, Ami Khalfan, ufunguo wa stoo, karatasi za mwisho wa mwezi. Mama akachomoa nyaya kwenye betri, kifeni kikasimama.

"Vaa viatu."

Bibi akachungulia mlangoni. "Na makaa?"

"Yangoje," mama akasema.

Mama yangu akiendesha husema na kila gari; siku ile mpaka tunafika Wadi Kabir aliyaacha yote yapite. Ami Khalfan alikuwa mlangoni, Wafula ndani, stuli yake ileile. Mama akasimama nyuma yangu. Hakunisukuma, lakini hapakuwa na pa kurudi.

Nikasema. Nilisema vibaya, nikianza na nyaya na udi na Jumatano, mpaka Ami Khalfan akaniambia, "Kwa ufupi." Kwa ufupi: hakuna aliyeichezea helikopta, mama alikuwa anawashia makaa, fundi hakufanya kitu, na mimi nilimsingizia.

Ami Khalfan akakuna kidevu. "Mita nimeiona jana," alisema, kama anayesema habari za hali ya hewa. "Ilikuwa kwenye gari langu, chini ya kiti."

"Na hukunirudishia ufunguo," Wafula alisema.

"Nilikuwa nangoja hili la kijana." Akautoa mfukoni akamnyooshea.

"Weka kwa meza, arbab. Mkono wangu iko na grisi."

Mkono wake ulikuwa na grisi miaka tisa yote. Ami Khalfan akauweka mezani.

Wafula akauchukua mkia kwangu, akaunusa. "Hii nilinusa wiki mbili zilizopita. Nikasema, ni shati ya huyu kijana." Kisha akafungua droo, akakata kipande cha utepe mwekundu, akauzungusha waya mmoja, taratibu, mara tatu. Akanirudishia. "Nilikuambia siku ya kwanza."

"Nisamehe, fundi."

"Sawa," alisema. Hakucheka kwa mabega.

Karatasi zilisainiwa, mwisho wa mwezi, nilikwenda kuhakikisha. Helikopta niliipeleka maonyesho na ilitulia dakika zake zote, shubiri mbili, pua imeelekea kwa mwalimu mkuu. Baada ya hapo nikastaafu. Mkia uko jikoni na mama, sasa una swichi, hiyo ndiyo kazi yangu ya mwisho. Wadi Kabir bado naenda baadhi ya Jumamosi, na Wafula bado ananifundisha kusuka mota. Ila sanduku lake la vifaa, ambalo miaka yote lilikuwa wazi, nikifika nalikuta lina kufuli. Analifungua, anatoa ninachohitaji, analifunga.

Kwa hiyo nyinyi mnaoanza: pima mapanga, funga kamba, vaa kofia isiyo ya Idi, na waya weka utepe siku ileile. Mengine yanatengenezeka.

Nimalizie na mama, siku ile tukirudi nyumbani. Tulipofika Wattaya, kwenye yale maduka ya magari mapya, taa ikawa nyekundu, akasimamisha gari akanigeukia. Alisema hivi, sijaongeza wala kupunguza:

"Mimi nnakushuku wewe kila siku kwa sababu nnakujua. Yule mtu kamuulizia bibi yako wiki zote hizo, na wewe hujui hata ana watoto wangapi. Ulimshuku kwa lipi?"